Ngoma Ikivuma Sana

Wahenga walinena kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Naikumbuka methali hii kila nitafakaripo historia ya sauti zinazohifadhiwa kwa tarakimu, yaani katika diski na faili za kompyuta.

Kwanza tulielewe sikio. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walionyesha kwamba sauti mbili zenye nguvu sawa zaweza kusikika tofauti. Sauti nzito huhitaji nguvu zaidi ili isikike sawa na ile ya kati. Basi nguvu ya sauti ni jambo moja, na jinsi sikio linavyoipokea ni jambo jingine.

Diski za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, zina dari: ipo tarakimu ya juu kabisa ambayo sauti haiwezi kuivuka. Watengenezaji wa muziki, kila mmoja akitaka kusikika kuliko mwenzake, walivibana vilele, kisha wakaiinua sauti yote hadi darini. Mnong'ono ukakaribia kulingana na ukelele. Mwaka 2008 mashabiki wa Metallica wenyewe walilalamikia albamu ya Death Magnetic, na maelfu wakatia saini wakitaka ichanganywe upya. Katika televisheni, kilele cha tangazo hakikuzidi kile cha mchezo. Ila tangazo lilikaa kileleni muda wote.

Dawa ilikuwa kubadili kipimo. Mwaka 2001 David Robinson alipendekeza Replay Gain: programu hupima faili nzima kwa kufuata usikivu wa binadamu, kisha huandika pembeni kiasi cha kupunguza au kuongeza. Sauti yenyewe haiguswi. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa kanuni ya upimaji wa namna hiyo. Mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya ukaweka wastani wa vipimo 23 chini ya dari, kwa vipindi na matangazo pia. Mwaka huohuo Marekani ilitunga sheria ya kuzuia matangazo yasipaze sauti kuliko vipindi, ikaanza kutumika Desemba 2012.

Msomaji, nimekaa na watoto na walimu miaka mingi, nami naona funzo hapa. Mwalimu anayempima mwanafunzi kwa kelele zake hulifundisha darasa zima kupiga kelele. Hata akikaripia kutwa, hawatanyamaza maadamu kelele zinalipa. Kanuni hizi hazikumziba mtu mdomo. Ziliondoa faida ya kupayuka. Wastani ukisawazishwa, aliyebana sauti yake hushushwa, akabaki bapa. Aliyeacha nafasi kati ya mnong'ono na kishindo hubaki na vyote viwili. Kusawazisha kwa haki, basi, si kuwafanya watu wafanane, bali ni kumwachia kila mmoja sauti yake.