Kitanda cha Mtoto Mchanga: Jinsi Watu Walivyojifunza Kumlaza

Katika mambo yote ya malezi, hapana lionekanalo dogo kuliko kumlaza mtoto. Amekwisha kunyonya, macho yanafumba, mama yake amlaza, naye alala. Walakini katika jambo hili dogo wamekufa watoto wengi mno, na akina mama wengi wamelaumiwa kwa kosa ambalo hawakulitenda. Tukizifuata habari za kitanda cha mtoto tangu zamani hata siku zetu hizi, tutaona ya kuwa swali ni moja sikuzote: mtoto alale wapi, apate kuwa karibu na mama yake, wala asidhurike? Watu walilijibu kwa njia mbili zilizokuwa na upungufu kabla ya kuipata ya tatu.

Hatari yenyewe ni ya kale sana. Kila msomaji wa Biblia ajua habari za wanawake wawili waliosimama mbele ya Mfalme Sulemani wakigombania mtoto mmoja. Wengi huukumbuka upanga wa mfalme. Wachache hukumbuka chanzo cha shauri lile. Mtoto wa mmoja wao alikufa usiku kwa sababu mama yake alimlalia. Basi tangu zamani zile watu walijua ya kuwa mzazi aliyeshikwa na usingizi mzito aweza kumzuia mtoto pumzi bila kukusudia, na bila kusikia kilio.

Huko Florence, mji wa Italia, mafundi seremala walitafuta dawa ya jambo hili. Walitengeneza chombo cha mbao kiitwacho arcuccio. Kilikuwa na ubao wa kichwani na mbao za ubavuni, na juu yake upinde mdogo wa kuzuia nguo za kitandani zisimwangukie mtoto. Ubavuni palikatwa nafasi ya mama kumnyonyesha mtoto akiwa ndani yake. Chombo hiki kiliwekwa juu ya kitanda kile kile alicholala mama au mlezi. Hivyo mtoto alikuwa karibu naye, lakini hakuweza kulaliwa. Katika miaka ya 1730 habari zake zilipelekwa kwa wataalamu wa Royal Society huko London, na barua hiyo ilisema ya kuwa kila mlezi wa Florence alilazimishwa kukitumia, na asiyetii aliogofywa kwa kutengwa na Kanisa. Waingereza walizisoma habari hizo, lakini chombo chenyewe hakikuenea kwao. Tukiangalia nyuma sasa, twaona ya kuwa maseremala wale walikuwa wamelikaribia jibu kuliko wengi waliowafuata.

Katika karne ya 19 miji ya Uingereza na Uskoti ilijaa watu waliofanya kazi katika viwanda. Jamaa nzima ililala katika chumba kimoja, na mara nyingi katika kitanda kimoja. Mwaka wa 1892 Charles Templeman, daktari wa polisi katika mji wa Dundee, alitoa habari za watoto wachanga 258 waliokufa kwa kukosa pumzi. Aliona ya kuwa wengi wao walikufa katika usiku wa kuamkia Jumapili, yaani baada ya watu kupokea mshahara na kunywa pombe. Akataja ujinga, uzembe, ulevi, na msongamano wa watu katika nyumba. Mwaka wa 1908 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya watoto, na ndani yake liliandikwa neno hili: mtu mzima akienda kulala hali amelewa, na mtoto wa chini ya miaka 3 akifa kwa kukosa pumzi katika kitanda chake, mtu huyo ahesabiwe kuwa amemtupa mtoto wake bila matunzo.

Sheria hiyo ilikuwa na haki yake, kwa maana ulevi na kulala na mtoto ni mambo mawili yasiyopatana kamwe. Lakini ilizaa hasara nyingine. Watu walizoea kufikiri ya kuwa kila mtoto aliyekutwa amekufa asubuhi ameuawa na mama yake. Mama maskini alikuwa na majonzi mawili: alizika mtoto, kisha akanyoshewa kidole.

Ndipo likaja jibu la pili, ambalo lilipendwa hasa na wenye mali: mtoto apewe kitanda chake, na akiwezekana apewe chumba chake pia, mbali na wazazi. Wengi walidhani ya kuwa sasa hatari imekwisha. Kumbe haikwisha. Watoto waliendelea kufa usiku, peke yao, katika vitanda vizuri, wala hapana mtu aliyewalalia. Hapo ndipo Waingereza walipoliita jambo hili kifo cha kitandani. Mwaka wa 1969 madaktari waliokutana Seattle, Marekani, walikubaliana kulipa jina la kitaalamu, yaani kifo cha ghafula cha mtoto mchanga kisichojulikana sababu.

Sababu moja kubwa ilikuwa mbele ya macho yao. Mwaka wa 1944 Harold Abramson wa New York alikuwa amekwisha kuandika ya kuwa wengi wa watoto waliokutwa wamekufa walikuwa wamelala kifudifudi. Neno lake halikusikiwa sana. Badala yake, tangu miaka ya 1950, madaktari na vitabu vya malezi vilianza kuwashauri wazazi wawalaze watoto kifudifudi hasa. Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake kilisomwa na mamilioni ya wazazi, hapo kwanza alikuwa ameshauri mtoto alazwe chali. Katika matoleo ya katikati ya miaka ya 1950 akageuka. Hoja ilionekana kuwa na akili: mtoto aliyelala chali akitapika, matapishi yatamziba koo. Tena katika hospitali watoto waliozaliwa kabla ya wakati walionekana kupumua vizuri zaidi wakilala kifudifudi. Lililowafaa wale wachache wenye kulindwa na wauguzi usiku kucha likafanywa sheria kwa watoto wote wa nyumbani.

Matokeo yalionekana waziwazi huko Uholanzi. Ushauri wa kifudifudi uliingia nchi ile mwanzoni mwa miaka ya 1970, na vifo vya kitandani vikazidi. Mwaka wa 1987 daktari Guus de Jonge aliwaambia wazazi wasiwalaze watoto hivyo tena, na vifo vikapungua upesi. Huko Bristol, Uingereza, Peter Fleming na wenzake waliandika mwaka wa 1990 ya kuwa hatari ya mtoto aliyelala kifudifudi ilikuwa zaidi ya mara 8 kuliko ya yule asiyelala hivyo. Tena wakaona ya kuwa kumfunika mtoto nguo nyingi kupita kiasi kwazidisha hatari. Mwishoni mwa mwaka wa 1991 serikali ya Uingereza ilitangaza shauri jipya nchini kote, na katika muda wa mwaka mmoja au miwili vifo vikapungua zaidi ya nusu. Wamarekani wakaanza mbiu yao mwaka wa 1994, nao wakaona nafuu kama hiyo.

Na ile hofu ya matapishi? Yalionekana si kweli. Mtoto mzima akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula. Kinachorudi kutoka tumboni hakipandi kwa urahisi, naye humeza au hukohoa. Mwaka wa 2005 Ruth Gilbert na wenzake walikusanya maandishi yote ya zamani juu ya jambo hili. Waliona ya kuwa kama mtu angaliyakusanya na kuyapima vema mwaka wa 1970, ukweli ungalijulikana tangu wakati ule, na labda watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza, na wasiopungua 50,000 wa Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand, wangalipona. Hesabu hii yatisha. Watoto hao hawakufa kwa uzembe wa mama zao. Wengi walilazwa vile vile kama mama zao walivyoagizwa na wenye elimu.

Lilibaki swali la mahali. Wachunguzi wa New Zealand walionyesha mwaka wa 1996 ya kuwa mtoto alalaye katika chumba kimoja na mtu mzima yu salama zaidi kuliko yule aliyewekwa peke yake. Lakini kulala juu ya godoro moja na mzazi aliyelewa, au avutaye tumbako, au kulala naye juu ya kochi, kwabaki kuwa hatari kubwa. Basi jibu la tatu likapatikana: chumba kimoja, vitanda viwili. Mtoto alale kando ya mama yake, mahali mkono wake unapofika, lakini juu ya malalo yake mwenyewe. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kimetoa shauri hilo kwa miezi 6 ya kwanza, angalau.

Mfano mzuri kuliko yote watoka kwa Wamaori, wenyeji wa New Zealand. Desturi yao ni mama kulala pamoja na mtoto wake, nao hawakupenda kuambiwa waiache. Vifo vya kitandani vilikuwa vingi kwao, hasa pale ambapo mama alivuta tumbako wakati wa mimba. Mwaka wa 2006 daktari David Tipene-Leach, aliye Mmaori mwenyewe, alishirikiana na wafumaji wakatengeneza wahakura, yaani kikapu chenye kina kifupi kilichosukwa kwa majani ya mmea uitwao harakeke. Kikapu hiki huwekwa juu ya kitanda cha wazazi, na mtoto hulala ndani yake. Baada ya tetemeko la ardhi la Christchurch mwaka wa 2011, masanduku ya plastiki ya namna hiyo yaligawiwa kwa jamaa zilizopoteza nyumba. Kati ya mwaka wa 2009 na 2015 vifo vya watoto waliopita wiki ya kwanza vilipungua kwa 29 katika kila mia. Tena katika uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2017, mama waliopewa wahakura waliodumu kuwanyonyesha watoto wao maziwa ya mama tu hata mwezi wa 6 walikuwa mara mbili hivi ya wale waliopewa vitanda vya kawaida. Twaona basi ya kuwa desturi haikuvunjwa, ilitiwa ukingo. Na aliyekwisha kusoma habari za Florence atatambua ya kuwa wazo ni lile lile.

Kutoka katika habari hizi zote twaweza kuchota shauri la kuchagua kitanda. Kwanza, malalo yawe sawa kabisa, wala yasiinuke upande wa kichwa. Mtoto aliyelala mahali palipoinama, kichwa chake huanguka mbele, kidevu hugusa kifua, na njia ya hewa hufungika. Kwa sababu hiyo mwaka wa 2019 vitanda vya kuinama 4,700,000 hivi vilirudishwa viwandani Marekani, na mwaka wa 2022 sheria ikavikataza vyote vinavyoinama zaidi ya digrii 10. Pili, godoro liwe gumu na lijae kitanda chote, pasiwe na ufa ubavuni. Tatu, ndani pawe patupu: pasiwe na mto, wala blanketi zito, wala matakia ya pembeni, ambayo sheria ile ile iliyapiga marufuku. Nne, fito ziwe karibu karibu. Kanuni ya Marekani tangu miaka ya 1970 ni nafasi isiyozidi sentimita 6, kichwa cha mtoto kisipate kupenya. Tano, ikiwa kitanda chafungamanishwa na kile cha mama, kifungwe imara, kwa maana ufa kati ya magodoro mawili ni mtego. Na katika kitanda chochote, mtoto alazwe chali, mchana na usiku.

Kwetu Afrika ya Mashariki mtoto hulala na mama yake, na ukaribu huo ni jambo jema, kwa kuwa humsaidia mama kunyonyesha na kusikia pumzi ya mtoto. Hakuna haja ya kuuacha ili kuiga vyumba vya mbali ambavyo Wazungu wenyewe wameviacha. Lakini tuangalie kitanda chenyewe. Kitanda cha kamba kilicholegea hubonyea katikati, na mtoto huviringika kumwendea mtu mzima aliye mzito. Seremala wa mtaani aweza kutengeneza kitanda kidogo cha mbao chenye kimo sawa na cha mama, na msusi wa vikapu aweza kusuka kikapu kipana chenye kitako kigumu na kuta fupi. Chandarua kikubwa kifunike vyote viwili na kichomekwe vema chini ya godoro, kisimwangukie mtoto usoni, kwa maana malaria haijaacha kuua. Na nyumba isiyo na uwezo wa kitanda cha pili, baba asivute tumbako ndani, wala mlevi asilale karibu na mtoto, na mito iondolewe mbali.

Walimu wenzangu, na ninyi wakunga na mabibi mnaosikilizwa nyumbani kuliko vitabu, mwambieni kila mama mambo haya kabla hajajifungua. Na ikitokea msiba wa namna hii katika jirani zenu, kwa kuwa hata sasa hutokea mahali ambapo kila shauri limefuatwa, msiulize kwanza mama alifanya nini. Nendeni mkalie pamoja naye.