Namba nne haikuuawa na virusi

Nikiwa darasa la sita, mjomba alinifukuza kwa saiba yake. Alikuwa na kompyuta sita, zile nzito za mezani, mitumba kutoka ng'ambo baada ya maofisi ya huko kuzichoka. Siku moja nikachomeka flashi yenye gemu kwa namba nne. Ikazima hapo hapo, haikuwaka tena. Fundi akaja, akaiangalia nje nje tu, akasema ni virusi. Mjomba akaniangalia.

Baadaye namba mbili ikakufa, halafu namba sita. Sikuwa hata karibu, lakini familia ilishaamua: huyu kijana ndiye alileta virusi. Saiba ikafungwa. Lawama zikabaki na mimi.

Mwaka jana niliacha campo, nikawa na muda mwingi na pesa kidogo. Namba nne ilikuwa bado kwa stoo ya shosho. Nikaifungua na bisibisi. Sikuhitaji kifaa cha kupima. Kando ya prosesa kulikuwa na vimkebe vidogo vimejipanga, na vitano vilikuwa vimefura kichwani. Viwili vilikuwa vimevuja kitu ya kahawia.

Hivyo vimkebe vinaitwa kapasita. Kazi yake ni kutuliza umeme kabla ufike kwa prosesa. Ndani kuna foili ya alumini na karatasi iliyoloweshwa kemikali. Kemikali ikiwa mbovu, inakula alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, na gesi inafurisha mkebe. Umeme ukianza kuyumba, mashine inakwama, inajizima, na siku moja inakataa kuwaka.

Sasa skiza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kapasita mbovu ziliingia kwa kompyuta za kampuni nyingi duniani, mpaka balaa hiyo ikaitwa tauni ya kapasita. Dell peke yake iliuza kompyuta zisizopungua milioni 11.8 zilizokuwa hatarini, kati ya Mei 2003 na Julai 2005. Mwaka 2005 ikatenga dola milioni 300 za kurekebisha. Hiyo idadi watu waliijua 2010, stakabadhi za kesi huko Marekani zilipofunguliwa.

Lakini kuna kisa kimoja kilinishika. Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Texas iliona kompyuta zake zinakufa, ikauliza. Kampuni ikawajibu kwamba wamezichosha na hesabu ngumu. Yaani kompyuta, imechoshwa na hesabu!

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Watu wa hisabati chuo kikuu waliambiwa kile niliambiwa nikiwa na miaka kumi na mbili: shida ni wewe.

Mashine za mjomba hazikuwa za kampuni hiyo. Na kapasita hufura pia kwa uzee na joto, na ile saiba ilikuwa ya mabati na feni moja. Lakini virusi haiwezi kufurisha mkebe wa alumini. Mtu yeyote angefungua kifuniko angeona. Ofisi za ng'ambo zilikuwa na waranti. Sisi tulipata mashine waranti ikiwa imeisha, na fundi wa kutupatia jina la mkosaji.

Kwa hivyo kompyuta yako ya zamani ikianza kujizima, usikimbilie kulaumu mtoto. Chomoa stima, fungua, panguza vumbi, angalia feni kama inazunguka, toa RAM uirudishe, halafu angalia vichwa vya kapasita. Pawa saplai yenyewe usiifungue, inaweza kushika umeme hata ukichomoa.

Nilienda Luthuli Avenue nikanunua kapasita za volti na maikrofaradi zile zile. Fundi mwingine akazilehemu, akihakikisha upande wa hasi umekaa mahali pake. Namba nne ikawaka. Gemu yangu bado iko ndani.

Nikapiga picha ya zile zilizofura, nikamtumia mjomba bila maneno. Alikaa siku mbili. Halafu akajibu: "Namba mbili na namba sita ziko kwangu. Kuja Jumapili, na ubebe bisibisi."