Kula Kiapo na Kula Matunda: Sitiari ya Ulaji katika Historia ya Ruiru na Thika

Neno "kula" ni miongoni mwa maneno ya awali anayojifunza mtoto, na huenda hakuna kitenzi kingine cha Kiswahili kilichobebeshwa mizigo mingi kama hicho. Kiapo huliwa, njama huliwa. Rushwa, hasara, riba na urithi huliwa vilevile. Watunga kamusi huyapanga matumizi haya kwa tarakimu chini ya kidahizo kimoja, kana kwamba ni vyumba vya jengo moja visivyo na milango baina yao. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba milango ipo. Katika nchi ya kahawa iliyo baina ya Ruiru na Thika, ambamo leo imo wadi ya Gatongora, watu wamepita katika milango hiyo tangu miaka ya 1950, na baadhi ya matendo mazito ya historia ya Kenya yamefuata njia hiyo hiyo.

Yafaa kwanza kuondoa pingamizi moja. Mwaka 1980 George Lakoff na Mark Johnson walichapisha huko Marekani kitabu chao mashuhuri juu ya sitiari za kila siku, wakidai kwamba sitiari si pambo la washairi tu bali ni chombo cha kufikiria. Anayezungumzia hoja kwa msamiati wa vita, walisema, huishia kumwona mwenzake katika majadiliano kuwa ni adui wa kushindwa. Wapo wanaisimu waliojibu kwamba sitiari nyingi za kila siku zimekwisha kufa. Mtu asemaye "amekula hasara" haoni sahani wala kijiko. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, kuna kipimo kinachoweza kutenganisha sitiari iliyokufa na iliyo hai, nacho ni matokeo. Sitiari iko hai pale ambapo watu hutoa ndani yake hitimisho lisilotajwa na neno lenyewe, kisha wakatenda kwa mujibu wa hitimisho hilo. Hasara ikiliwa, hakuna amtakaye mwenye duka aitapike. Je, kiapo kikiliwa?

Katika Kikuyu, lugha ya wenyeji wengi wa Kiambu, kiapo hunywewa au huliwa: "kũnyua mũma", "kũrĩa mũma". Hapo usemi na tendo havikuachana mbali. Katika viapo vya umoja vilivyoenea mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, nyama ya mbuzi ilionjwa kwa hakika, na maneno ya kiapo yakaingia mwilini pamoja na tonge. Aliyekula alikuwa amebeba kitu ndani yake, kitu ambacho kingemgeuka na kumuua iwapo angesaliti wenzake. Kwa sababu hiyo kiapo kilishika watu kwa nguvu ambayo kadi ya chama isingeweza kuifikia.

Kama kilicholiwa ni kibaya, dawa yake ni kukitoa. Utaratibu huu ulikuwapo tangu zamani. Mtu aliyepatwa na unajisi alitakaswa kwa ibada ambayo kiini chake ni kutapika, "gũtahĩka", na Jomo Kenyatta aliieleza ibada ya aina hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1938. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Serikali ya kikoloni, iliyojiona kuwa ni ya sheria na mantiki, iliingia katika sitiari hiyo moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1952 iliwatumia wazee kuendesha ibada za kuwatakasa waliokula kiapo. Baada ya kutangazwa kwa Hali ya Hatari, tarehe 20 Oktoba 1952, na hasa baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, ibada hizo zilimezwa na mfumo mzima wa makambi ya kuwekea watu kizuizini. Sharti la kupanda daraja kuelekea nyumbani lilikuwa ni kuungama, na kuungama kulisemwa kuwa ni kutapika sumu.

Hapa hapana budi kutua kidogo. Wapo waandishi waliolichukulia neno "sumu" kuwa ni kejeli ya maofisa wa makambi. Lakini neno hilo lilifanya kazi. Mtu anayeshukiwa kuwa na maoni ya kisiasa anaweza kuhojiwa, kupingwa, hata kushawishiwa. Mtu aliyemeza sumu hana la kujadiliana naye. Hatakiwi kujibu hoja, anatakiwa kutoa kilichomo tumboni, na akikataa hulazimishwa, kama vile mgonjwa anavyolazimishwa dawa kwa faida yake mwenyewe. Madai ya ardhi yaliyokuwamo ndani ya kiapo hayakuwa na nafasi katika lugha hiyo. Wale walioshindikana walihesabiwa kuwa sugu wakapelekwa mbali. Huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, watu 11 kati yao walipigwa hadi kufa. Haiwezekani kudai kwamba sitiari ndiyo iliyowaua. Inawezekana kudai kwamba ilisaidia kipigo kionekane kuwa tiba machoni pa waliokiamuru.

Sitiari nyingine ya zama hizo yafaa kutajwa, japo si ya ulaji, kwa sababu inaonyesha hali iliyo kinyume: sitiari iliyofahamika upande mmoja tu. Tarehe 24 Agosti 1952, katika mkutano mkubwa mjini Kiambu, Kenyatta aliilaani Mau Mau iende na mizizi ya mikongoe, mti wa masimulizi ambao mizizi yake inazama kusikofikiwa na mtu. Kwa msikilizaji wa Kikuyu hiyo ni laana ya kupotelea mbali bila kurudi. Wako maofisa walioamini kwamba maneno hayo yalikuwa na maana mbili. Katika hali ya kutoaminiana, hata sitiari iliyo wazi huchukuliwa kuwa fumbo.

Uhuru ulipopatikana, Desemba 1963, kitenzi kilibaki kile kile, kitendwa kikabadilika. Waliokula kiapo sasa walisubiri kula matunda. "Matunda ya uhuru" ni usemi uliozoeleka kiasi kwamba ni vigumu leo kuona ulivyo wa ajabu. Unaufanya uhuru kuwa mti. Mti una aliyeupanda na aliyeumwagilia maji, na kwa desturi ya wakulima, aliyepanda ndiye mwenye haki ya kuchuma. Wapiganaji wa msituni na waliotoka kizuizini hawakuhitaji mwanasheria kuwafundisha hoja hii. Ilikuwa imo ndani ya usemi. Jibu la Serikali nalo lilipita ndani ya sitiari hiyo hiyo. Kauli iliyovuma sana miaka ya 1960, kwamba sote tulipigania uhuru, haikusema kwamba aliyepanda hana haki. Ilisema kwamba wapandaji ni wote. Madai ya wachache yaliyeyushwa bila mti wenyewe kuguswa.

Bildad Kaggia alikuwa mmoja wa watu sita waliohukumiwa Kapenguria mwaka 1953 pamoja na Kenyatta, na baada ya uhuru alikuwa mbunge wa Kandara, juu kidogo ya Thika. Yeye alitaka ardhi ya walowezi igawiwe bure kwa wasio na ardhi. Mwaka 1965, mbele ya watu wa jimbo lake mwenyewe, Kenyatta alimkabili kwa kumlinganisha na wenzao wa jela, akiwamo Paul Ngei, aliyekuwa na shamba la kahawa, kisha akamwuliza yeye Kaggia amejifanyia nini. Swali hilo limenukuliwa na wanahistoria wengi kuwa ni ushahidi wa ubinafsi wa utawala mpya. Kwa mwanafunzi wa lugha lina jambo jingine. Swali lingekosa makali kama wasikilizaji hawangekwisha kukubali kwamba matunda yapo mtini, yameiva, na kwamba kila mtu huchuma kwa mkono wake. Katika picha hiyo, asiyekula si mwadilifu bali ni mvivu. Kaggia alikuwa akizungumzia ugawaji. Sitiari ilimfanya aonekane kuwa mtu aliyesimama chini ya mwembe akilalamika njaa.

Na tunda lenyewe lilikuwa lipi? Nchi ya Ruiru na Thika ilikuwa sehemu ya maeneo yaliyotengwa kwa walowezi, na baada ya tawi la reli kufika Thika mwaka 1913, mashamba makubwa ya mibuni yalitanda pande zote. Kwa muda mrefu Mwafrika wa Kiambu hakuruhusiwa kupanda kahawa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliofungua mlango huo kwa upana. Kahawa ni tunda, lakini halishibishi. Mchumaji, aghalabu mwanamke, hulipwa kwa idadi ya madebe, na kile alichokichuma humenywa, huanikwa, hukobolewa, kisha huuzwa mnadani na kunywewa ng'ambo. (Hata mananasi ya Thika, ambayo ni tunda la kuliwa bila ubishi, kwa sehemu kubwa huishia katika makopo yanayosafirishwa.) Watu waliohubiriwa matunda ya uhuru waliishi kwa kuchuma tunda wasilolila. Hali hii ilipasa kuivunja sitiari, lakini haikuivunja, kwa kuwa sitiari ya matunda humwonyesha mla na mti, na humficha mchumaji. Katika usemi mzima wa "kula matunda ya uhuru" hakuna debe, wala ujira, wala mnada.

Ulinganisho na Tanzania ni wa manufaa hapa. Huko nako siasa ilipita mdomoni, ila kwa kitenzi kingine. Enzi za Azimio la Arusha la mwaka 1967 zilieneza maneno "unyonyaji", "kupe" na "mirija". Kupe hali tunda. Anakula damu ya mwingine. Sitiari hii inamleta mbele yule aliyefichwa na ile ya Kenya, yaani mwenye mwili unaonyonywa, na hitimisho lake ni la kivitendo: mirija ikatwe. Nayo ina upofu wake, kwa sababu kupe hazalishi kitu, na ni rahisi kumwita kila mwenye duka kupe. Nchi mbili jirani zenye lugha moja zilichagua picha mbili, na viongozi waliovunja miiko katika nchi moja walitafuta visingizio ambavyo wenzao wa nchi ya pili hawakuvihitaji. Tena jambo hili si la Wakikuyu wala la Wakenya peke yao: katika Luganda aliyetawazwa husemwa kuwa "amekula" cheo, na hapo kula ni heshima halali isiyo na harufu ya wizi.

Ukosoaji mkali kabisa wa sitiari ya Kenya ulianzia jirani na Ruiru. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwishoni mwa mwaka 1977, na humo akaandika kwa Kikuyu, juu ya karatasi za msalani, riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyochapishwa mwaka 1980, mwaka ule ule wa kitabu cha Lakoff na Johnson. Njia yake ni kuichukua sitiari na kuifuata hadi mwisho wake. Wezi na wanyang'anyi wanashindana hadharani kwa kusimulia walivyokula, na mmoja wao ana mpango wa kuuzia watu udongo katika vyungu, na hewa pia. Wakati huo msomaji aliweza kuucheka mpango wa vyungu.

Kicheko hicho kimepungua. Uzalishaji wa kahawa nchini ulifikia takribani tani 130,000 katika msimu wa 1987/88. Mfumo wa kimataifa wa mgawo ukaporomoka mwaka 1989, na katika karne hii mavuno ya mwaka yamekuwa chini ya nusu ya kiasi hicho. Ruiru 11, aina ya mbuni iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti kilichopo hapo hapo, ilistahimili magonjwa, si bei. Barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, mashamba mengi yakawa yamekwisha kupimwa na kukatwa. Kipimo kinachotajwa kila mahali ni "hamsini kwa mia", yaani futi 50 kwa 100, karibu thumuni ya eka. Jimbo la uchaguzi la Ruiru, lenye wadi ya Gatongora, lina pia wadi za Kahawa Sukari na Kahawa Wendani, majina ambayo mgeni angeyadhania kuwa ya mashamba.

Pamoja na mabadiliko hayo, mti umetoweka pia katika lugha ya siasa. Badala ya matunda, linalotajwa zaidi ni "keki ya taifa", na swali ni la zamu: nani anakula sasa. Tofauti si ndogo. Tunda huota tena mwakani iwapo mti umetunzwa, na kwa hiyo lilikuwa bado na nafasi ya neno "kazi". Keki imekwisha kuokwa na mtu asiyejulikana. Kilichobaki ni kisu.

Nyumbani, usemi umerudi mahali pa hatari zaidi. Anayeuza shamba la urithi na kutumia fedha husemwa kuwa "amekula shamba". Hapo sitiari ipo hai kwa kipimo kilichotajwa mwanzoni, kwani familia hutoa hitimisho: kilicholiwa hakitarudi, na watoto hawatakula. Sheria ya Kenya inataka idhini ya mwenzi wa ndoa kabla ya makao ya familia kuuzwa. Maandishi yake hutaja kuhamisha, kusajili na kuridhia. Mke anayekataa kutia sahihi hana haja ya maneno hayo. Yeye husema tu kwamba shamba halitaliwa angali hai.