Treni Inapita Kibera, Lakini Nani Anakufikisha Shagz?

Kila Disemba ni stori ileile. Watu wa Kibera na Kawangware wanataka kwenda shagz, nauli ya basi inapandishwa, na steji za tao zinajaa mabegi na watoto wamechoka. Na bado kuna reli ya kwenda Kisumu inayopita katikati kabisa ya Kibera! Mbona basi bado inabeba karibu kila mtu? Mimi naona jibu liko kwenye historia, kwa hivyo nipeni dakika tatu tu.

Reli ilifika Nairobi 1899, na 1901 ikafika Kisumu, ambayo wakati huo iliitwa Port Florence. Haikujengewa nyanyako. Waingereza walitaka njia ya kufika Uganda, na baadaye ya kutoa mazao. Hesabu ilikuwa ya mzigo, sio ya mtu na boma lake.

Lakini kuna kitu shule haikutuambia. Hao hao wa reli waliwahi kupanga safari nzima. Kule Uganda, treni ilikufikisha Namasagali, kando ya Nile. Hapo unapanda meli ya reli, unavuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port. Gari linakupeleka Masindi, ambako reli ilikuwa na hoteli yake, kisha Butiaba kwenye Ziwa Albert, na hapo kuna meli nyingine ya kuelekea upande wa Kongo. Sio ati walitupenda: mzungu alikula raha, Mwafrika akapewa daraja la tatu. Lakini mtu alikaa chini akajiuliza, abiria akishuka hapa, anaendelea na nini? Mafuriko ya mwanzo wa miaka ya 1960 yaliharibu Butiaba na mpango huo ukafa.

Huku kwetu matatu zilikuwa zinakua kivyao. Jina lenyewe ni la mapeni matatu, nauli ya zamani. 1973 Mzee Kenyatta akaziruhusu kubeba watu bila leseni ile ya magari ya abiria. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, reli ikagawanywa, kila nchi ikabaki na kipande chake. Matatu zikafuata watu hadi mlangoni. Treni ikabaki kwa stesheni ikingoja watu waje. Hapo ndipo ilipoteza abiria, na mwendo wa injini hauhusiki sana.

Angalia sasa. Treni ya abiria ya Kisumu ilirudi Disemba 2021, na watu walifurahi kweli. Lakini mtu wa Kawangware anapanda 46 hadi tao, anatembea hadi stesheni, anasafiri usiku, halafu akifika Kisumu anaanza upya kutafuta matatu ya Bondo au Siaya. Kila kipande kina nauli yake na makanga wake. Kama uko na watoto wawili na gunia, utachagua basi moja tu hata kama ni ghali. Hiyo sio ujinga, ni hesabu.

Na msiniambie haiwezekani. Madaraka Express ilipoanza 2017, stesheni yake kuu iliwekwa Syokimau, mbali na tao. Walifanya nini? Wakaweka treni ndogo ya kutoka stesheni ya zamani kukutana nayo. Mtu wa kwenda Mombasa akaunganishiwa. Mtu wa kwenda Siaya je?

Tunachohitaji ni kidogo kuliko reli mpya. Matatu za vijijini zijue saa ya treni na zingoje stesheni. Tiketi moja ikufikishe hadi soko la kwenu. Sako zilipwe sehemu yao, ndio zisione treni kama adui. Wakoloni walilifanya hili kwa ajili ya pamba. Sisi tunashindwa kulifanya kwa ajili ya shosh?