Kijiko cha Montgomery

Wanafunzi wa uuguzi wakiingia wodi yetu ya fistula huwa nawapa spekulamu ya Sims, chombo cha kuchungulia uke, waishike. Ina sura ya kijiko kilichopindwa huku na huku, na asili yake ni kijiko kweli. Mwaka 1845, mjini Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims alikunja mpini wa kijiko ili amchungulie Betsey, msichana mtumwa aliyevuja mkojo tangu ajifungue. Alimpigisha magoti, kifua chini. Hewa ikaingia, uke ukatanuka, tundu la kibofu, yaani fistula, likaonekana.

Kwamba uzazi mgumu huweza kupasua kibofu cha msichana, Ibn Sina alishaandika karne nane kabla. Tundu lenyewe ndilo lililokuwa halionekani, na usiloliona utalishonaje?

Sims akaanza kushona. Lucy, naye mtumwa, alitangulia; Betsey na mtumwa mwingine, Anarcha, wakafuata. Anarcha alikuwa ameumwa uchungu siku tatu. Alipasuliwa mara 30, hadi uzi wa fedha uliposhika mwaka 1849. Etha, dawa ya usingizi, ilikwisha kuonyeshwa Boston mwaka 1846, lakini wanawake hawa walishonwa wakiwa macho. Wapo wanaomtetea kwamba zama zilikuwa zile. Mimi hainiingii akilini: ruhusa aliiomba kwa mabwana wao, na mtumwa hana mlango wa kukataa. Sanamu yake iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018. Montgomery sasa wamesimamishiwa zao hao watatu. Spekulamu bado inaitwa Sims.

Siku hizi, tundu dogo lisiloonekana tunalisaka kwa rangi. Tunapanga vipande vitatu vya pamba ukeni, juu, kati na chini, kisha tunajaza kibofu maji ya buluu kwa mpira wa mkojo. Mama anatembea kidogo, tunavitoa. Cha kati kikiwa buluu, kibofu kina tundu. Cha chini kikipata rangi peke yake, usikimbilie kuandika fistula: huenda ni mkojo uliopita njia yake ya kawaida alipokohoa, basi mlaze, akohoe tena ukiangalia. Cha juu kikilowa bila rangi, mkojo unashuka kutoka mrija wa figo, mara nyingi ulioumizwa kwenye upasuaji. Huyo simwandiki kwenye orodha ya kushonwa kibofu. Namwita daktari bingwa wa mkojo, kwa sababu mrija ukikaa umeziba, figo ndiyo inayokufa.