Kiunzi Kinachoyeyuka

Dada yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, alishonwa nyuzi nne. Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda muuguzi alipomshika mkono na kumwambia: "Mama, hizi hazitolewi. Ni nyuzi za kuyeyuka, zitaisha zenyewe." Dada akashusha pumzi. Wiki ile ile nilikuwa natafsiri makala kuhusu misuli inayooteshwa maabara kwa ajili ya kupandikizwa, na neno nililokuwa nikilisaka kwa siku tatu lilikuwa limetamkwa wodini.

Kiingereza hutumia neno moja, "biodegradable", kwa kitu kinachovunjwavunjwa mwilini na kwa mfuko unaooza jalalani. Watafsiri wengi huandika "kinachooza". Mimi nalikataa katakata. Kwa Mswahili, kinachooza mwilini ni kidonda ndugu. Mgonjwa akiambiwa atawekewa pajani kitu kitakachooza, atakataa, na atakuwa na haki. Tena si kweli kwamba kinaoza: hakuna bakteria wanaokila. Polima inayotumika sana kukitengeneza hutokana na asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki, na maji ya mwili ndiyo yanayoikata minyororo yake kidogo kidogo. Asidi ya laktiki ndiyo inayochachusha maziwa mgando, na misuli yetu wenyewe huitoa tunapokimbia, kwa hiyo mwili unajua namna ya kuimaliza. Uzi wa dada yangu, ule wa zambarau, ni wa jamii hiyo hiyo; kwa kawaida huisha kati ya siku 56 na 70.

Sehemu ya pili ya istilahi, "scaffold", ilinisumbua zaidi. Kiingereza kimeazima vyuma ambavyo mafundi husimamisha kulizunguka jengo. Wapo wanaosema "jukwaa", lakini jukwaani watu husimama waonekane. Nilifikiria mirunda, ile miti inayoshikilia zege hadi likauke, ila mirunda hukaa chini ya zege, kisha fundi huja kuing'oa. Hapa seli zinaingia ndani ya kitu chenyewe, chenye vitundu kama sifongo, na hakuna anayerudi kukitoa. Nikachagua kiunzi, neno la ukoo mmoja na kuunda, kama kiunzi cha jahazi kinavyolipa umbo kabla halijawa jahazi. Hapo ikabidi niachane na "misuli ya kiunzi" na kusema misuli ya mifupa, maana sentensi moja haiwezi kubeba viunzi viwili vyenye maana tofauti.

Msuli ukichanika kidogo hujiponya. Mwaka 1961 mtafiti Alexander Mauro alieleza seli zilizojibana pembeni mwa nyuzi za misuli, ambazo huamka panapotokea jeraha. Lakini ajali ikiondoa pande zima la nyama, seli hizo huzidiwa na nafasi ile hujaa kovu, na kovu halivuti wala halisukumi. Hapo ndipo kiunzi kinapohitajika. Seli changa hupandwa ndani yake, zikaungana kuwa nyuzi ndefu. Nyuzi hizo lazima zilale upande mmoja, kama mianzi ya mkeka, la sivyo kila moja itavuta kwake.

Shida kubwa ni damu. Seli iliyo mbali na mshipa kwa zaidi ya milimita 0.1 hadi 0.2, yaani unene wa karatasi moja au mbili za daftari, hufa kwa kukosa oksijeni. Mwaka 2005 watafiti Shulamit Levenberg, Robert Langer na wenzao walipanda katika kiunzi kimoja seli za misuli, seli zinazotandika mishipa ya damu kwa ndani, na faibroblasti za kuishikiza mishipa hiyo. Mishipa midogo ikaanza kujijenga kabla ya upandikizaji, na kiunzi kilipowekwa ndani ya panya wa maabara, baadhi yake ikaungana na mishipa ya panya na kupitisha damu. Kila nikisoma kuhusu jaribio lile, nasisimka.

Kitenzi "kuyeyuka" kinabeba pia suala la muda. Kiunzi kikiyeyuka mapema, seli hukosa pa kushika. Kikichelewa, huzizuia nyuzi kukutana. Wahandisi hurekebisha kasi hiyo kwa uwiano wa zile asidi mbili: laktiki ikizidi, kiunzi hukaa zaidi. Na ndani ya muda huo neva nazo lazima zifike, kwa sababu msuli usiofikiwa na neva hunyauka hata ukiwa na damu tele.