Herufi Mbili kwenye Karatasi ya Mnada

Karatasi ya mnada kutoka Japani iliingia kwenye WhatsApp yangu saa tano usiku. Kama umewahi kuagiza gari kwa njia hiyo unaijua: gari limechorwa kutoka juu, limetandazwa kama ngozi, kila mkwaruzo umewekewa alama, maandishi ya Kijapani yamejaa kote, na pembeni kuna herufi chache unazoweza kusoma, mtu amezizungushia kalamu. PS. PW. AW. Mama alivaa miwani akaikagua simu yangu kwa jicho lile lile alilosahihishia mitihani miaka thelathini.

"PS ni nini?"

"Pawa steringi, Mama. Usukani mwepesi."

Akavua miwani. "Sasa hiyo ni kitu ya kuandikwa? Kwani bado kuna gari zinauzwa bila?"

Ni nadra siku hizi. Lakini herufi zile zimebaki kwenye fomu tangu enzi ambazo usukani mwepesi ulikuwa nyongeza ya kulipia, sawa na redio au madirisha ya umeme. Usipolipa pesa, mikono yako ndiyo italipa. Mama anazijua enzi hizo vizuri kuliko mimi. Pick-up yetu, Datsun ya rangi ya maziwa, haikuwa na PS. Ilikuwa na usukani mwembamba, mkubwa kama sinia la pilau.

Ukiwa mtoto hujui kwamba usukani ni mzito. Unajua tu kwamba mama yako akiegesha gari anatokwa na jasho, na baba yako hatoki. Siku moja pale kwenye kinu cha posho Mama alitaka kugeuza gari mahali pembamba, ukuta huku, mkokoteni kule. Hata mzigo hatukuwa tumepakia. Alivuta usukani, akasimama, akavuta tena, huku wanaume wa kinuni wakimtazama kama wanaoangalia mechi. Mwishowe kijana mmoja akafungua mlango bila kuulizwa: "Shuka mathe, nikusaidie." Mama akashuka. Jioni alimpa Baba funguo, na sikumwona akiziomba tena kwa miaka kumi na moja. Nyumbani tulisema tu Mama hapendi kuendesha gari.

Sasa hebu tuseme ukweli wa mambo pale kinuni. Gari likiwa limesimama, tairi halibingiriki. Linasuguliwa tu kwenye udongo, na juu yake limebeba uzito wa injini. Likianza kutembea, hata polepole, ule uzito unapungua sana. Dereva mzoefu wa gari lisilo na pawa anajua hivyo, hakunji usukani kabla gari halijasogea. Mtengenezaji naye anaweza kupunguza uzito kwa kubadilisha meno ya gia za usukani, lakini anakudai mahali pengine: usukani unakuwa mwepesi, halafu unauzungusha mara nne au tano kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Kwenye kona ya ghafla mikono inapishana kama ya mtu anayechota maji kisimani.

Aliyetafuta njia ya tatu alikuwa mtu wa malori. Francis W. Davis alikuwa mhandisi wa kampuni ya Pierce-Arrow, mjini Buffalo katika jimbo la New York, kwenye idara ya malori makubwa. Malori yale yaliwachosha madereva wenye misuli, na gurudumu la mbele likigonga shimo usukani ungeweza kumponyoka mtu mikononi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Davis aliacha kazi, akakodi karakana ndogo huko Waltham, Massachusetts, akamchukua fundi mmoja hodari wa vyuma, George Jessup, wakaanza kuhangaika na mafuta yenye shinikizo.

Shida haikuwa nguvu. Nguvu ya mafuta ilijulikana tayari. Shida ilikuwa kwamba ukiyaweka mafuta chini ya shinikizo kubwa muda wote yatavuja, na pampu itainyonya injini hata gari likiwa linaenda moja kwa moja. Ujanja wa Davis ulikuwa kuyaacha yazunguke bure, vali zikiwa wazi, bila kufanya kazi yoyote. Ukiukunja tu usukani, vali inabana upande mmoja, shinikizo linapanda hapo, na mafuta yanasukuma pamoja nawe. Ukiacha, nayo yanaacha. Ni kama mwenzako aliyesimama nyuma yako wakati unasukuma gari lililokwama: haanzi kabla yako.

Mwaka 1926 alikuwa na gari la Pierce-Arrow lenye kitu hicho, akaenda kulionyesha Detroit. General Motors wakavutiwa na wakaanza kushirikiana naye. Ungetarajia basi kwamba miaka ya 1930 Wamarekani waliendesha kwa kidole. Wapi! Mdororo wa uchumi ukaingia, na mwaka 1934 General Motors wakaachana na mpango huo. Kitu kile kilipangiwa Cadillac, na kwa hesabu zao Cadillac zilizokuwa zikiuzwa hazikutosha kurudisha gharama za mitambo ya kukitengenezea. Mwaka 1936 Davis akahamia kwa kampuni ya Bendix, na Vita vya Pili vilipokuja, usukani wake ukapelekwa kwenye magari ya deraya. Mwanajeshi aliupata kabla ya mwalimu.

Gari la kawaida la kununuliwa dukani lililipata jambo hili mwaka 1951, kwenye Chrysler Imperial. Na hapa kuna kichekesho kichungu: Chrysler walitumia mawazo ya Davis bila kumlipa, kwa sababu hataza zake zilikuwa zimeshaisha muda. General Motors waliposhtuka walimrudia mzee, na mwaka 1952 nao wakawa na yao. Kutoka 1926 mpaka 1951 ni miaka 25. Katika miaka hiyo kitu kilikuwepo, kilifanya kazi, kilionyeshwa kwa wakubwa. Kilichokosekana ni mtu wa hesabu kukubali. Nikiwaza hivyo namkumbuka yule kijana wa kinuni, maana hata yeye alidhani tatizo ni mikono ya mama yangu.

Mara tu wepesi ulipoanza kuuzwa, ubishi juu ya hisia nao ukaanza, na haujaisha hadi leo. Chrysler walitaka usaidizi muda wote, hata ukigusa usukani kidogo tu, na wakautangaza hivyo kwa majivuno. General Motors waliweka springi ndani ya vali zao, ili pale katikati mikono yako ifanye kazi kidogo kwanza kabla mafuta hayajaingilia. Yaani waliacha uzito fulani makusudi, dereva aendelee kulisikia gari. Walioendesha Chrysler za miaka ile walisifu jinsi kuegesha kulivyokuwa rahisi, halafu wakalalamika kwamba barabarani usukani umekufa ganzi. Hujui kama tairi limeshika au linateleza. Unageuza, gari linageuka, lakini hakuna habari inayorudi.

Maana usukani ni simu ya njia mbili. Unatuma amri, na barabara inajibu kupitia vyuma: hapa pana changarawe, hapa pana maji, hapa tairi limeanza kukata tamaa. Baba yangu ni mwumini wa jibu hilo. "Ile Datsun ilikuwa inaongea," husema, na uso wake hulainika namna ambayo haulainiki akiongea juu yetu.

Wafaransa walifika mbali zaidi. Citroën DS, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1955, ilikuwa na mafuta ya shinikizo yaliyoendesha karibu kila kitu: springi, breki, usukani. Miaka miwili baadaye wakatoa ID, ya bei nafuu. Ukiziweka kando kwa kando ni gari moja, umbo lile lile la papa. Lakini ID ilianza bila usukani wa pawa. Mtu wa DS na mtu wa ID wangepishana barabarani, wakapungiana mkono, na kila mmoja akawa anaendesha chombo tofauti kabisa. Halafu mwaka 1970 ikaja Citroën SM, ambayo usukani wake ulizunguka mara mbili tu kutoka mwisho hadi mwisho, ulijirudisha katikati hata gari likiwa limesimama, na ulikuwa mzito kadiri mwendo ulivyoongezeka. Uzito ule haukutoka barabarani. Ulitengenezwa na mafuta. Kwa mara ya kwanza dereva wa kawaida alishika usukani ambao hisia yake ilikuwa imetungwa na mhandisi kama mtu anavyotunga wimbo.

Sisi tunaonunua gari ndogo za Japani tunamalizia wimbo huo. Mwaka 1988 Suzuki walitoa Cervo, kigari kidogo mno, chenye mota ya umeme badala ya pampu ya mafuta. Sababu inaeleweka: pampu huzungushwa na injini muda wote, na injini ya kigari kama hicho haina nguvu za kugawa sadaka. Mota inafanya kazi pale tu unapogeuza. Kifaa kidogo kinapima mkono wako umekazana kiasi gani, kompyuta inaangalia mwendo wa gari, halafu inaamua ikusaidie kiasi gani. Ukiona gari mbili zinazofanana na moja ina usukani wa kamasi na nyingine wa kukaza, pengine tofauti ni mistari michache ya programu.

Pengine. Maana nyongeza nyingine zinaingilia bila kutangazwa. Ukiongeza rimu kubwa na tairi pana kwa sababu ya mandhari, umebadilisha usukani. Upepo ukipungua tairi za mbele, umeubadilisha pia. Fundi mmoja wa Kirinyaga Road aliniambia kwamba wateja humletea gari wakidai pawa imeharibika, naye huanza na pampu ya upepo, watu wanaona kama anawapima akili. Na mkanda wa pampu ukikatika kwenye gari la mafuta, alisema, utajuta: linakuwa zito kuliko gari ambalo halikuwahi kuwa na pawa. Ni kweli. Gia zake zilipangwa kwa kumtegemea msaidizi, na sasa unamsukuma hata yeye.

Huko juu kwa wenye pesa mambo yamepinduka. BMW 5 Series ya mwaka 2003 ungeweza kuilipia zaidi ili meno ya usukani yawe kama yanabadilika kulingana na mwendo. Porsche walipoingiza umeme kwenye usukani wa 911 mwaka 2011, wapenzi wa gari hilo waliomboleza, na bado kulikuwa na nyongeza ya kulipia ili usukani uwe mwepesi zaidi wakati wa kuegesha. Wakati huo huo Lotus waliuza Elise bila pawa steringi kabisa, gari jepesi lenye injini nyuma ya dereva, na watu wakatoa mamilioni kwa ajili ya usukani unaoongea. Uzito uliomshusha mama yangu garini, wengine wanaununua. Simlaumu anayeununua. Nimesoma sifa nyingi za usukani wa zamani, na karibu zote zimeandikwa na watu ambao hawakuwahi kuambiwa washuke.

Wengi wetu hapa hatununui wala hatukatai. Sheria inasema gari tunaloagiza lisizidi miaka minane, na usukani uwe kulia. Mengine yalishaamuliwa na mwenye gari wa kwanza, mtu wa Yokohama au Nagoya aliyekaa na muuzaji akatia tiki: hii nataka, hii sitaki. Tunarithi mikono ya mtu tusiyemjua.

Vitz ilifika Nairobi baada ya wiki saba. Tuliiendesha hadi nyumbani, Baba akiwa mbele kwa sababu ndiye mzee. Tulipotoka kwenye lami tukaingia murram, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, alishika usukani kwa mikono yote miwili na kukunja uso. "Hii haisemi kitu," alisema. Kwenye kona ya kanisa nyuma ikateleza kidogo, kidogo tu, na nilimwona akishtuka baada ya gari kuwa limeshajirudisha. Datsun ingemwambia mapema. Kwa hilo yuko sahihi, na sikubishana.

Jioni Mama alitoka nje amevaa kanga na viatu vya kanisani. Aliketi, akasogeza kiti mbele mpaka mwisho, akawasha. Ua wetu ni mdogo, tanki la maji huku, kibanda cha kuku kule. Aliweka kiganja kimoja juu ya usukani, akauzungusha mpaka mwisho gari likiwa limesimama tuli, akaurudisha, akauzungusha tena upande wa pili. Baba akapiga kelele kutoka barazani kwamba anamaliza tairi.

"Wacha ziishe," Mama akasema, akaweka rivasi.